Bei ya Kitabu na Lugha ya Kitabu: Uhakiki wa Vitabu Huria vya Hisabati ya Mwaka wa Kwanza

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kuvihakiki vitabu huria vinavyotumiwa kufundishia hisabati ya mwaka wa kwanza chuoni, na kuvihakiki kwa jicho la mwanalugha. Huenda msomaji akauliza jarida la lugha za Kiafrika lina uhusiano gani na aljebra. Jibu letu ni fupi: kitabu cha hisabati ni matini. Kina mwandishi na kina msomaji anayekusudiwa; kina mitindo yake ya kuamuru, kueleza na kuthibitisha; na mwanafunzi anayeanguka katika somo hilo mara nyingi huanguka katika sentensi kabla hajaifikia namba. Wahakiki wetu wamezichambua riwaya, tamthilia na tenzi kwa makini makubwa, lakini ni nadra kumwona mmoja wao akiishika matini hii ambayo wanafunzi wetu wengi huisoma kwa hofu kila mwaka.

Kitabu huria, katika maana tutakayoitumia hapa, ni kile ambacho mwenye hakimiliki ametangaza kwa leseni ya wazi kwamba mtu yeyote aweza kukisoma, kukinakili, kukisambaza na, kwa masharti yaliyotajwa, kukibadilisha. Sifa iliyovitangaza vitabu vya namna hii duniani ni bei. Sisi tutadai kwamba sifa inayoweza kuliboresha somo lenyewe ni ile ruhusa ya kubadilisha, kwamba kubadilisha kitabu cha hisabati ni kazi ya lugha kwa kiasi kikubwa, na kwamba idara za lugha zimekosea kuifikiria kazi hiyo kuwa ya watu wengine.

2. Uhuria maana yake nini?

Yafaa kwanza tuieleze historia kwa ufupi. Mwaka 1999 Richard Baraniuk wa Chuo Kikuu cha Rice, Houston, alianzisha mradi wa Connexions, ambao uliwawezesha walimu kuandika masomo mafupi na kuyaunganisha kuwa vitabu. Mwaka 2001 chuo cha MIT kilitangaza kwamba kitaweka wazi maandishi ya masomo yake. Mwishoni mwa 2002 zilitolewa leseni za kwanza za Creative Commons, na mwaka huohuo, katika mkutano wa UNESCO uliofanyika Paris, ndipo lilipopatikana jina la jumla la nyenzo huria za elimu. Mradi wa Rice ulizaa OpenStax, ambayo ilitoa vitabu vyake vya kwanza mwaka 2012. Kwa upande wa hisabati, kitabu chake cha College Algebra, ambacho mwandishi wake mkuu ni Jay Abramson, kilitoka mwaka 2015, na Calculus ya Gilbert Strang na Edwin Herman ikafuata mwaka 2016 katika juzuu tatu. Kabla ya hivyo, David Lippman na Melonie Rasmussen, walimu wa chuo cha jamii katika jimbo la Washington, walikuwa wamekwisha kutoa kitabu chao kiitwacho Precalculus: An Investigation of Functions.

David Wiley, mmoja wa watetezi wakuu wa fikra hii, ameufafanua uhuria kwa haki tano: kuhifadhi nakala, kutumia, kurekebisha, kuchanganya na kusambaza. Mpangilio huu ni mzuri kwa kuwa unaonyesha kwamba bei haimo kabisa katika orodha. Kitabu kinaweza kutolewa bure kikawa si huria, kama kile ambacho mchapishaji huruhusu kisomwe mtandaoni tu. Tena kitabu huria kinaweza kuuzwa dukani kwa gharama ya karatasi na wino.

Leseni zenyewe si za namna moja, na tofauti zao zina matokeo. College Algebra ilipotolewa mwaka 2015 ilidai jambo moja tu, yaani mwandishi atajwe. Kitabu cha Lippman na Rasmussen kinaongeza sharti la pili: atakayekibadilisha naye aitoe kazi yake kwa leseni ileile. Sharti hili Mswahili halimtatizi, kwani wahenga walikwisha sema mla cha mwenzio na chako huliwa. Kitabu cha Strang na Herman kinaongeza sharti la tatu, kwamba kisitumiwe kwa biashara. Kwa sababu hiyo mwalimu hawezi kuchukua sura tatu za Lippman na Rasmussen na sura tatu za Strang na Herman akazifuma kuwa kitabu kimoja kipya, kwa kuwa kila kimoja kinataka kizazi chake kibaki na masharti yake, na masharti hayo hayapatani. Mhadhiri anayetaka kutunga kitabu cha darasa lake hana budi kulijua jambo hili kabla ya kuanza, asije akalijua baada ya miaka miwili ya kazi.

Sharti la kutofanya biashara lilifikishwa hata mahakamani, na kesi yenyewe ilihusu hisabati. Shirika la Great Minds lilitoa vitabu vya hisabati vya shule kwa leseni hiyo. Wilaya za shule zikavipeleka katika maduka ya FedEx kunakiliwa kwa malipo. Mwaka 2018 mahakama ya rufani huko New York iliamua kwamba duka linalonakili kwa niaba ya shule halivunji leseni. Uamuzi huo hauzifungi mahakama zetu. Hata hivyo, mtu yeyote anayevijua vibanda vya fotokopi vilivyozizunguka kampasi zetu ataona kwamba suala lenyewe si geni kwetu.

3. Ushahidi wa Marekani

Huko Marekani aljebra ya chuo ni kizingiti. Mwanafunzi asiyeivuka hawezi kuendelea na masomo mengi, hata yale ambayo hayaitumii sana. Vitabu vilivyokuwa vikitumika viliuzwa kwa bei kubwa, na pamoja na kitabu mwanafunzi alitakiwa kununua namba ya siri ya kuingilia katika programu ya mazoezi. Asiyeinunua hakuweza hata kuwasilisha kazi yake. Katika mazingira hayo kitabu huria, pamoja na programu huria ya mazoezi kama MyOpenMath iliyoanzishwa na Lippman, vilileta nafuu ya kweli, na hatuna nia ya kuidharau.

Lakini swali la mwalimu ni jingine: je, mwanafunzi anajifunza zaidi? Idara ya hisabati ya Scottsdale Community College, Arizona, ilihamia katika nyenzo huria, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2013 na John Hilton na wenzake. Kwa jumla, wanafunzi waliokoa fedha, na matokeo ya mitihani yakabaki karibu palepale. Kwa upande wa pili, utafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia uliochapishwa mwaka 2018, uliohusu wanafunzi 21,822 wa masomo mbalimbali, ulionyesha kwamba alama zilipanda, na zilipanda zaidi kwa wale waliokuwa wakipata msaada wa serikali kwa sababu ya uhaba wa mapato.

Tafiti hizi mbili zaonekana kupingana, lakini mwaka 2019 Phillip Grimaldi na wenzake, akiwemo Baraniuk mwenyewe, walitoa hoja inayozisuluhisha. Kitabu cha bure, walisema, kinaweza kumsaidia yule tu ambaye bila hicho asingekuwa na kitabu. Ikiwa katika darasa wengi walikuwa na kitabu tangu awali, faida ya wachache humezwa na wastani wa darasa zima. Hoja hii ni ya haki, na kwetu ina uzito kuliko huko ilikotungwa, kwa kuwa katika madarasa yetu wasio na kitabu si wachache.

Hata hivyo, ukiitazama vizuri utaona kwamba hoja hiyo inakubali jambo ambalo watetezi wa vitabu huria hawakulisema kwa sauti: kwa mwanafunzi ambaye kitabu anacho, kitabu huria hakina tofauti na kilichokitangulia. Na kwa nini kiwe na tofauti? College Algebra ya OpenStax ina sura zilezile, mpangilio uleule, na kwa kiasi kikubwa lugha ileile ya vitabu vilivyouzwa kwa bei kubwa. Ilitungwa makusudi ifanane navyo, ili mwalimu aweze kukitupa kimoja na kukichukua kingine bila kubadilisha mpango wa somo. Walimu wengi wamekichukua kitabu kama kilivyo. Katika zile haki tano, wametumia ya kutumia na ya kusambaza. Haki ya kurekebisha imekaa kabatini.

Mfano wa kinyume upo. Kuanzia mwaka 2011 Taasisi ya Carnegie, ikishirikiana na vyuo kadhaa vya jamii, ilianza kufundisha somo liitwalo Statway kwa wanafunzi waliokuwa wamekwama katika hisabati za kujazia upungufu. Hapo hawakubadilisha bei, walibadilisha somo. Mada zilipangwa upya juu ya msingi wa takwimu, wanafunzi wakafanya kazi kwa vikundi, na, jambo linalotuhusu sana sisi, watunzi walizipitia sentensi za masomo kwa makusudi ili kuondoa vikwazo vya lugha. Katika mwaka wa kwanza takribani nusu ya wanafunzi walifaulu, ilhali kabla ya hapo waliofika huko kwa muda kama huo walikuwa wachache mno. Hatudai kwamba lugha peke yake ndiyo iliyoleta matokeo hayo. Tunadai tu kwamba pale somo lilipoboreka, lugha ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyoguswa.

4. Sentensi ya hisabati

Mwaka 1981 John Clement, Jack Lochhead na George Monk walichapisha utafiti ambao tangu hapo umetajwa mara nyingi. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi walipewa sentensi moja inayosema kwamba katika chuo fulani idadi ya wanafunzi ni mara sita ya idadi ya maprofesa, wakatakiwa waiandike kwa alama. Asilimia 37 walikosea, na kosa kubwa lilikuwa kugeuza mlinganyo: badala ya W = 6P, waliandika 6W = P. Hawa walikuwa wahandisi wa kesho, wakisoma kwa lugha yao wenyewe.

Hebu tuitazame sentensi hiyo katika Kiswahili. Inaweza kusemwa kwa njia tatu angalau:

(a) Wanafunzi ni mara sita ya maprofesa.
(b) Kwa kila profesa mmoja kuna wanafunzi sita.
(c) Wanafunzi ni mara sita zaidi ya maprofesa.

Katika (a) mfuatano wa maneno ni mfuatano wa alama: wanafunzi, ni, mara sita, maprofesa; W = 6P. Katika (b) namba sita imekaa kando ya wanafunzi, na msomaji anashawishika kuandika 6W. Katika (c) neno "zaidi" linazua shaka kama ni mara sita au mara saba. Sentensi zote tatu zinasikika kila siku, na mtunzi wa maswali asiyezipima anaweza kuichukua yoyote. Waandishi wa 1981 walitahadharisha kwamba mfuatano wa maneno si chanzo pekee, kwani wapo waliogeuza mlinganyo hata walipopewa habari hiyo kwa picha. Tahadhari hiyo tunaikubali. Lakini palipo na sentensi inayosaidia na sentensi inayopoteza, kuchagua kati yake ni wajibu, na anayefundishwa kuchagua kati ya sentensi ni mwanalugha.

Tuongeze mfano wa pili. Kiingereza hueleza kwamba namba ni 5 au zaidi kwa maneno mawili ambayo la pili lake lina maana ya "dogo kuliko yote", na hapo mwanafunzi huvutwa kuelekea upande wa udogo. Kiswahili husema "isiyopungua 5", na kwa upande wa pili "isiyozidi 5". Kitenzi chenyewe kimebeba maana: hairuhusiwi kupungua, hairuhusiwi kuzidi. Hapa lugha yetu haikuombwa msaada na mtu, lakini ilikuwa nao tayari.

Mfano wa tatu unahusu mazingira. Inapofundisha funksheni, yaani kanuni inayopeleka kila kipengele cha seti moja kwenye kipengele kimoja tu cha seti nyingine, College Algebra hutumia orodha ya bei katika mkahawa wa kahawa. Kila kitafunio kina bei moja, kwa hiyo bei ni funksheni ya kitafunio. Kwa kuwa vitafunio viwili vina bei moja, kitafunio si funksheni ya bei. Mfano ni mzuri. Mwalimu wa Nairobi anayetaka kukirekebisha kitabu atafikiri kwanza kuondoa kahawa na kuweka chai na mandazi, na kazi ikawa imekwisha.

Lakini tuseme ameupeleka mfano huo Marikiti au Kongowea. Hapo fungu moja la nyanya lina bei moja kwa mteja wa kila siku, bei nyingine kwa mgeni, na bei ya tatu jioni jua linapokuchwa. Kitu kimoja, bei nyingi: bei si funksheni ya kitu! Ili iwe funksheni itabidi tuongeze mnunuzi na saa, na tayari tumefika kwenye funksheni ya vigeu vitatu, ambayo kitabu hakikukusudia kuifikia. Kubadilisha mazingira ya mfano, basi, si kubadilisha mapambo. Kunaweza kuibatilisha kweli ya mfano, na kunaweza pia kuuzaa mfano bora kuliko wa awali. Yule mwanafunzi aliyekulia sokoni, ambaye katika mkahawa wa kitabu alikuwa mgeni, hapa ndiye mwenye hoja. Ruhusa ya kurekebisha ina thamani kwa sababu ya mambo kama haya, na haitumiki vyema kwa kubadilisha majina ya watu na vyakula tu.

5. Istilahi na makazi yake

Huenda ikasemwa kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kazi hii. Dai hilo ni nusu kweli. Tangu mwaka 1967, Tanzania ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali, umejengeka huko msamiati wa hisabati ulio imara: mlinganyo, kipeo na kipeuo, mzingo na eneo, kigawe kidogo cha shirika. Hata kanuni ya mfuatano wa matendo ina jina lake, Magazijuto, lililounganishwa kutokana na mabano, gawanya, zidisha, jumlisha na toa. Katika Kenya, ambako hisabati hufundishwa kwa Kiingereza, maneno haya hayajulikani sana, ingawa baadhi yake yana asili ya pwani yetu pia. Namba shufwa na namba witiri zilitoka msikitini kabla ya kufika shuleni. Anayesali witiri usiku anajua hesabu ya rakaa zake.

Msamiati huu ukiupima kwa mantiki tupu utauona na kasoro. Kipeo na kipeuo vinatofautiana kwa irabu moja tu, ilhali maana zake ni kinyume. Namba tasa ni istilahi ya ajabu zaidi: tasa ni asiyezaa, na hali namba hizo ndizo zinazozaa namba nyingine zote, kwa kuwa kila namba nzima iliyozidi 1 ni tasa au ni zao la tasa. Lakini mtoto wa Tanzania hapotezwi na jina hilo. Ameliona katika mamia ya mazoezi, amelisikia kwa mwalimu, amelitumia katika mtihani. Maana yake imetokana na matumizi. Hapa pana somo kwetu sisi tunaopenda kukaa katika kamati na kutoa orodha. Istilahi haiwi hai kwa kuwa nzuri. Huwa hai kwa kupata matini ya kuishi ndani yake.

Msamiati wa chuo hauna makazi hayo. Baada ya shule ya msingi lugha ya hisabati hubadilika, hata Tanzania, na maneno hukatikia hapo. Tuchukue dhana mbili za mwaka wa kwanza. Ya kwanza tunaweza kuiita kikomo. Katika mfuatano 1, 1/2, 1/3, 1/4 na kuendelea, kikomo ni 0, ingawa hakuna hata namba moja katika mfuatano iliyo 0. Lakini katika Kiswahili cha kawaida kikomo ni mahali ambapo kitu hufika na kukoma. Mwanafunzi atakayelichukua neno kwa maana ya nyumbani atadhani mfuatano lazima ufike. Kiingereza kina tatizo lilelile katika neno lake, wala hakijalitatua. Je, tuseme ukaribio? Au tubaki na kikomo, na tukifundishe kwa mifano mingi mpaka kizoeleke kama namba tasa ilivyozoeleka?

Dhana ya pili ni ile funksheni inayopatikana kutoka kwa nyingine kwa kutazama kasi ya badiliko lake. Sisi walimu wa sarufi tunacho kitenzi kunyambua, na neno la Kiingereza la dhana hiyo lina shina moja na neno la mnyambuliko. Mtu aweza kupendekeza kinyambuo. Faida yake ni kwamba kitenzi kipo na mwanafunzi anakijua: kama vile "piga" huzaa "pigia", ndivyo funksheni moja huzaa nyingine kwa kanuni. Hasara yake ni kwamba katika sarufi kunyambua huongeza, ilhali katika kalkulasi kipeo hupungua. Faida ipi itashinda? Swali hili halijibiwi kwa kura ya kamati. Linajibiwa kwa kuandika sura nzima kwa neno hilo na kuwapa wanafunzi waisome.

Na hapa ndipo leseni huria inapotupa kitu ambacho wazee wetu wa istilahi hawakuwa nacho. Walitunga maneno, lakini hawakuwa na vitabu vya kuyaweka, kwa kuwa kila kitabu kilikuwa na mwenyewe, na kukitafsiri kulihitaji idhini. Leo sura nzima ya funksheni ipo, yenye mazoezi na majibu, na idhini imekwisha tolewa. Mitambo ya kutafsiri nayo inaweza kutupa rasimu ya Kiswahili kwa muda mfupi. Lakini mashine hiyo haitatuamulia kati ya kikomo na ukaribio; itachukua mojawapo, na katika ukurasa unaofuata huenda ikachukua jingine.

6. Mifano ya karibu

Haiwezekani kusema kwamba Afrika ya Mashariki imekaa kando. Chuo Kikuu Pepe cha Afrika, kilichoanza mwaka 1997 kama mradi wa Benki ya Dunia na baadaye kikawa na makao yake Nairobi, kiliwakusanya wahadhiri wa nchi kadhaa za Kiafrika wakaandika moduli za kufundishia walimu, zikiwemo za hisabati, na kuzitoa kwa leseni huria. Lilikuwa tendo la maana, kwa kuwa waandishi walikuwa Waafrika. Moduli hizo zilitolewa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Kiswahili hakikuwamo, ingawa ofisi zenyewe zilikuwa katika mji ambamo lugha hiyo husikika kila kona. Hatumlaumu mwanahisabati aliyeziandika. Tunauliza idara za Kiswahili zilikuwa wapi.

Mfano wa pili una matumaini zaidi. Tangu mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Maseno kimekuwa kikitumia STACK, programu huria ya mazoezi ya hisabati iliyoanzishwa na Chris Sangwin wa Uingereza. Programu hii humpa kila mwanafunzi namba zake mwenyewe katika swali, hulipokea jibu lake kama usemi wa aljebra, na hulichunguza. Katika darasa la mamia ya wanafunzi, ambamo mhadhiri mmoja hawezi kusahihisha kazi za kila wiki, faida yake haihitaji maelezo.

Kwa mhakiki wa lugha, sehemu muhimu zaidi ya programu hiyo ni ile isiyoonekana haraka. Mtunzi wa swali hutabiri makosa, na kwa kila kosa huandika maneno atakayoyasoma mwanafunzi. Tuseme mwanafunzi ametakiwa kunyambua (2x + 1)³. Jibu ni 6(2x + 1)², lakini wengi huandika 3(2x + 1)². Programu inaweza kulitambua kosa hilo. Sasa imwambie nini? Inaweza kusema: "Si sahihi." Inaweza pia kusema: "Umenyambua kilicho nje ya mabano, na umefanya vizuri. Kilicho ndani nacho bado." Kauli ya kwanza ni ya hakimu. Ya pili ni ya mwalimu: imekiri kilichofanyika, imeonyesha mahali penye pengo, na haikulitaja jibu. Sentensi mbili fupi kama hizo zitasomwa na kila atakayekosea hivyo, mwaka hata mwaka, usiku ambao mwalimu amelala. Huu ni utanzu wa maandishi wenye hadhira kubwa kuliko hadhira ya makala mengi ya majarida yetu, nao hauna mhakiki.

Tena programu hiyo inaruhusu swali moja kubeba lugha zaidi ya moja. Mwanafunzi aweza kulisoma kwa Kiingereza, ambacho ndicho lugha ya mtihani, na maelezo ya kosa lake akayapata kwa Kiswahili. Hili linajibu pingamizi ambalo hutolewa kila mara, kwamba wanafunzi wenyewe wanataka Kiingereza. Hatupendekezi wanyang'anywe Kiingereza. Tunapendekeza kwamba mtu anapokosea aelezwe kosa kwa lugha anayoweza kuitafakari bila kwanza kuifasiri.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba vitabu huria vya hisabati vimesifiwa kwa kitu kimoja na vina thamani kwa kingine. Unafuu wa bei ni haki ya mwanafunzi maskini, na kwa asiye na kitabu ni msaada mkubwa. Lakini kitabu kinachopokewa kama kilivyo hutuacha tulipokuwa, wasomaji wa sentensi zilizotungiwa watu wengine. Tofauti italetwa na haki ya kurekebisha, nayo haitumiki yenyewe.

Wapo watakaosema kwamba kazi hii ni kubwa mno, na kwamba mhadhiri hupandishwa cheo kwa makala wala si kwa maelezo ya makosa ya aljebra. La pili ni suala la uongozi wa vyuo, na lafaa lijadiliwe katika mabaraza yao. Kitabu cha kufundishia kilichorekebishwa na kupimwa darasani ni utafiti, na kihesabiwe hivyo. Ama la kwanza, hatupendekezi kitabu kizima. Tunapendekeza sura moja, ile ya funksheni, pamoja na maswali hamsini ya mazoezi na maelezo ya makosa yake. Mhadhiri wa hisabati alinde kweli ya hisabati. Mhadhiri wa Kiswahili apime kila sentensi na kila istilahi. Darasa moja lisome rasimu, na jingine lisome kitabu kama kilivyo. Kisha matokeo yote mawili yachapishwe, yawe mazuri au mabaya. Sura itakayopatikana itolewe kwa leseni ileile tuliyoipokea, ili wenzetu wa Dar es Salaam, Zanzibar na Bujumbura waikosoe na kuirekebisha kwa zamu yao.

Ni matumaini yetu kwamba idara mbili za chuo kimoja, ambazo mara nyingi hutenganishwa na ua wa kampasi tu, zitakubali kuketi meza moja kwa muhula mmoja na kuijaribu kazi hii.